Kiti cha Wachimba Mizizi

1

Barua ya Nanzia ilikaa wiki tatu bila kujibiwa kwa sababu ya sentensi moja. Mtoto alikuwa ameandika kutoka Usangi habari zake zote za kawaida, mvua, shule, magoti ya bibi yake, halafu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, akauliza: "Mama, kumbe unafanya kazi na Abeya? Unamjua kabisa? Nimebandika picha yake juu ya kitanda changu."

Nakiete Mrutu alikuwa ametimiza miaka tisa kwenye sayari ya Mirihi, katika Kituo cha Kisima, chini ya anga la rangi ya matofali. Alimwacha Nanzia akiwa na miaka mitatu, amemng'ang'ania kanga analia. Kama kulikuwa na picha iliyostahili kukaa juu ya kitanda kile, Nakiete alijua fika ni ya nani.

Na kumjua Abeya, alimjua. Walikaa bega kwa bega katika chumba cha kusikilizia kwa miaka minne. Alijua anavyokohoa asubuhi. Alijua kwamba Abeya akitaka tangawizi huifuata kwenye rafu ya mwenzake, akachukua bila kuomba na akaondoka bila kusema asante, na kwamba akikuta kitana chako anajichania nacho, akikumbuka atakirudisha. Picha aliyoibandika Nanzia ilikuwa ile ya tangazo la Shirika lililowaajiri. Abeya amefumba macho, amevaa fulana ya kusikilizia, na chini yake maneno makubwa yanasema maji ya Mirihi yanatafutwa kwa maarifa ya wachimba mizizi. Siku ilipopigwa, Nakiete alikuwa kushoto kwake. Wakamkata. Kilichobaki chake mle ndani ni kiwiko.

Mwingine angecheka yakaisha. Nakiete alikuwa na wivu, na wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Ulimkaa kifuani toka anaamka, akanywa nao chai, akaingia nao kazini.

Asubuhi hiyo aliingia akautazama Ubao kwanza, kama kawaida yake. Jina lake lilikuwa juu, alama arobaini na moja. La Abeya lilikuwa chini ya wote, alama sita. Ilimpa nafuu kidogo. Akavaa fulana, akafunga mikanda, akakaa.

Kazi yao ilikuwa hivi. Nje, chini ya vumbi, kulikuwa na mashine nyembamba zenye urefu wa mkono, zinazopenya ardhini na kugonga. Watu waliziita nyungunyungu. Kila pigo lilirudi ndani ya fulana kama mtetemo kwenye mbavu za msikilizaji, na msikilizaji alipaswa kujua kama chini kuna mwamba, chumvi au barafu. Kompyuta zilishindwa kazi hiyo, kwa sababu kwao chumvi na barafu ni sauti moja. Mbavu za binadamu ziliweza, zikifundishwa. Kila msikilizaji alikuwa na ukanda wake wa ardhi. Akiisikia barafu ndani ya ukanda huo anabonyeza kiganja mezani, Ubao unaandika alama kwa jina lake, na kisima kikichimbwa kinaitwa kwa jina hilo hilo. Chai aliyokunywa Nakiete asubuhi ilitoka kisima cha Nakiete wa Kumi na Mbili.

Saa nne Abeya alijiegemeza kwenye kiti, akapiga miayo. Nakiete akamtupia jicho.

"Mwenzangu unapumzika tu," alisema. "Mie leo sina hata kimoja."

Abeya alishika usukani wake mdogo, akazungusha nyungunyungu wake polepole kuelekea mashariki, ulikokuwa mpaka wa kanda zao. Haukupita muda, mbavu za Nakiete zikatetemeka kwa ule mtetemo mpana, laini, ambao mtu akiusikia mara moja hausahau. Akabonyeza. Arobaini na mbili. Alifurahi, akamtazama jirani yake mvivu, na furaha ikamzidi.

Saa sita Mkuu wa Kituo, Bi Kasiana Ndimbo, alitangaza kwenye vipaza sauti kwamba msafara wa kusini umeidhinishwa. Kusini ndiko kuliko na barafu ya kweli, bonde zima, maji ya kuhamishia watu laki. Kiti cha msikilizaji ni kimoja. Wanaobaki watamalizia visima vya hapa, kisha watarudishwa duniani.

Nakiete alikuwa amekingoja kiti hicho miaka tisa. Ndicho kilichomfanya amwache mtoto. Na kiti kilikuwa na mwenyewe tayari, kwa mujibu wa Kifungu cha Kumi na Moja.

2

Kifungu hicho kilikuwa cha zamani kuliko kituo. Hapo mwanzo wahandisi wa Shirika walikwenda bonde la Yaeda, wakawaona kina mama wa Kihadzabe wanagonga ardhi kwa fimbo zao za kuchimbia na kusikiliza, wanajua mzizi ulioko chini ni mnono au mkavu kabla ya kuinua udongo. Wakajifunza, wakashona fulana, wakaja Mirihi. Kwa kuwa ujuzi ulikuwa wa wenyewe, katiba ya Shirika ikaandikwa kwamba katika kila msafara mpya kiti kimoja cha usikilizaji kitakuwa cha Mhadzabe. Watu wakakiita kiti cha wachimba mizizi, na Mhadzabe pale kituoni alikuwa mmoja tu, Abeya. Sasa muda wa kifungu ulikuwa unaisha, na kesho kutwa wafanyakazi wote wangepiga kura kukiendeleza au kukifuta.

Kikifutwa, kiti kinakwenda kwa aliye juu kwenye Ubao.

Bwire, fundi wa pampu, alimfuata Nakiete mezani wakati wa chakula na sahani yake. Alikuwa mtu wa Musoma, sauti yake haijui kunong'ona. Alimwambia kwamba watu wengi wako upande wake, ila wanaogopa kuonekana wabaguzi. Wanataka mtu alete ushahidi wa kazi, siyo maneno. Abeya ana alama sita kwa miaka minne. Amebebwa, na anayebebwa akipelekwa kusini, watu watakufa kiu. Nakiete alipinga kidogo kwa adabu, moyoni akikubali kila neno.

Wapare wanataniwa kwamba kuku akipotea tu wanafungua kesi. Nakiete hakuwahi kuuonea haya utani huo. Alirudi chumba cha kusikilizia kikiwa kitupu, akafungua kumbukumbu za fulana.

Watu wachache walizijua. Fulana haikuwa ya kupokea tu, ilipima pia mbavu zenyewe, namna zinavyojikaza barafu inaposikika, hata kabla mwenyewe hajatambua. Nakiete alitaka kuonyesha kwamba mbavu za Abeya zimelala. Angeweka mistari miwili kwenye karatasi moja, wake na wa Abeya, alama kwa alama, arobaini na mbili zote, na mwenye macho aone.

Alianza na ya asubuhi. Mstari wake ulikuwa umeruka saa nne na dakika kumi na tisa. Mstari wa Abeya ulikuwa umeruka saa nne kasoro dakika mbili.

Alidhani amekosea kusoma. Akafuata njia ya nyungunyungu. Abeya aliisikia barafu ndani ya ukanda wake mwenyewe, akatulia, akapiga miayo, kisha akaufuata mkondo wa barafu ule ule kwa kugonga hadi ukavuka mpaka, akalisukuma pigo la mwisho kwenye ukanda wa jirani. Kwa Nakiete.

Alifungua alama nyingine. Kisha nyingine. Alipozimaliza alikuwa amekaa sakafuni, karatasi zimemzunguka. Kumi na saba zilikuwa zake kweli kweli. Ishirini na tano zilitangulia kwenye mbavu za Abeya.

Kitu cha kwanza alichosikia hakikuwa aibu, aibu ilichelewa njiani. Kilikuwa hasira. Miaka minne alikuwa anamwonea wivu huyu mwanamke, na sababu moja tu iliyokuwa ikimtuliza, jina lake kukaa juu, kumbe nayo ilitoka kwa huyo huyo.

3

Alimkuta kwenye nyumba ya mboga anachuma mchicha usio wake, kwa maana siku hiyo zamu ya bustani ilikuwa ya watu wengine.

"Dada Abeya," alisema, "kwa nini ulikuwa unanisukumia barafu?"

Abeya hakushtuka. Aliendelea kuchuma. "Ulisema huna."

"Nilisema lini?"

"Mama Nanzia, wewe husema kila siku. Leo sina. Mie sina hata kimoja. Mwenzangu una bahati." Aliiga sauti ya Nakiete vizuri sana, bila ubaya wowote. "Kwetu mtu akisema hana mbele ya mwenye nacho, ameshaomba. Na ukiombwa unatoa. Kwani kwenu mnafanyaje?"

Kwao, Nakiete alifikiri, mtu akisema hana anapewa pole.

Alimweleza kuhusu Ubao, kwamba ni alama zile ndizo zinazomfanya aonekane amebebwa, kwamba kesho kutwa zitatumika kumnyima kiti. Abeya alisikiliza kwa subira ya mtu anayesimuliwa ndoto. Alijua kwamba Ubao upo. Alidhani ni wa kuonyesha kituo kina visima vingapi. Watu wanakunywa maji au hawanywi? Wanakunywa. Wengine pia walimwambia hawana, akawapa kimoja kimoja, ila Nakiete ndiye aliyeomba kuliko wote.

"Na mimi tangawizi nilichukua yako," aliongeza, kama mtu anayekumbusha kwamba hakuna aliyepunjwa.

Nakiete akamuuliza kama atasema mkutanoni.

"Niseme nini? Nilikupa."

Hapo wivu wake ukageuka ukawa mbaya zaidi. Zamani alikionea wivu kiti, na picha, na kitanda cha mtoto wake. Hivyo ni vitu, mtu anaweza kuvipigania. Sasa alimwonea wivu mtu aliyeachia visima ishirini na vitano, akapiga miayo, akalala usingizi wake. Yeye angeachia kimoja angekihesabu mpaka kufa. Na zaidi ya yote alielewa kwamba kiti ni chake akinyamaza. Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kukaa kwenye benchi na kufumba mdomo, na mwenye haki mwenyewe ameshakubali.

4

Mkutano ulifanyika ukumbi wa chakula, meza zimesogezwa ukutani. Watu thelathini na wanne. Bi Ndimbo alisoma kifungu kwa sauti kavu, akaruhusu maneno.

Bwire alisema vizuri, na haki yake tumpe. Alisema hana ugomvi na Mhadzabe yeyote. Alisema duniani Wahadzabe walinyang'anywa ardhi na kila kabila lililojaa ukumbini pale, la kwake likiwemo, na kiti cha upendeleo Yaeda angekipigia kura kwa mikono miwili. "Lakini huku mwenyeji ni nani? Huku sote tumeshuka na chombo kimoja, hatukumkuta mtu. Tukianza kugawana Mirihi kwa makovu ya duniani hatutamaliza. Ubao haujui kabila. Tuufuate Ubao."

Walipiga makofi. Mama mmoja wa maabara akajibu kwamba fulana zenyewe ni mali ya akili ya watu wale, na huwezi kuchukua ujuzi wa mtu ukamwacha mwenyewe mlangoni. Naye akapigiwa makofi, machache. Maneno yakaenda na kurudi hivyo kwa saa nzima, na wote walikuwa wakimzungumzia Abeya kana kwamba amesafiri.

Mwishowe Bi Ndimbo akamwomba aseme. Abeya alisimama, akatazama watu, akaonekana anatafuta kwa nini wamekasirika.

"Nakiete anakitaka," alisema. "Apewe."

Akakaa.

Bwire akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, na watu wakamgeukia Nakiete wakitabasamu. Kiti kilikuwa kimeshaletwa hadi miguuni pake. Alipaswa kusema asante. Angeenda kusini, na Nanzia angebandua picha moja abandike nyingine, na hakuna mtu duniani wala Mirihi ambaye angejua.

Abeya angejua. Angejua, wala isingemuuma, na hilo ndilo ambalo Nakiete hakuweza kulimeza. Alisimama, karatasi zake mkononi.

Alisema alama zake ni kumi na saba. Alieleza kumbukumbu za fulana, mbavu, mpaka, miayo, yote, kwa mpangilio, kama anavyojua Mpare kuipanga kesi, ila kesi yenyewe ilikuwa dhidi yake. Alipofika kwenye neno "sina" akanywa maji, akaendelea. Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Watu walisoma, wakatafuta kama majina yao nayo yamo.

Bwire ndiye aliyesema kwanza, na alikuwa mwungwana. Alisema basi mambo ni mepesi kuliko walivyodhani. Warekebishe Ubao, Abeya atakuwa juu, aende kwa uwezo wake, kifungu kifutwe, na kila mtu atoke na heshima yake.

Watu wakakubali kwa vichwa. Bi Ndimbo akachukua kalamu, akamuuliza Abeya kama anaridhia alama ishirini na tano zirudishwe kwa jina lake.

"Hapana," alisema Abeya.

Bi Ndimbo akadhani hakusikika, akarudia.

"Nimesikia, mama. Nilishatoa. Kitu ukishatoa unakirudiaje? Mimi siyo mtu wa namna hiyo." Kwa mara ya kwanza katika miaka minne Nakiete alimwona amekasirika. "Ni vya Mama Nanzia. Alivitaka, akapata. Viacheni."

"Mnaona," alisema Nakiete. Alikuwa hajakaa bado. "Ubao huu hautamweka juu hata siku moja, hata akisikia barafu ya sayari nzima. Ubao unaandika anayeshika. Anayetoa haumwandiki. Tunasema haujui kabila, kaka Bwire, lakini umetengenezwa na watu wa namna yetu, wenye kuvuta kwao. Mkimwambia aende kwa Ubao mnamwambia kwanza aache kuwa Abeya. Mimi nakitaka kiti hicho mpaka nakiota. Ninamwonea wivu huyu dada mpaka naumwa. Lakini kifungu kibaki."

Kifungu kilibaki kwa tofauti ya kura tatu. Bwire alipiga ya kukifuta, kisha akaja kumshika Nakiete mkono. Ubao haukurekebishwa, kwa sababu mwenye alama alizikataa na mwenye jina hakuwa na mamlaka ya kumlazimisha. Kila asubuhi tangu siku hiyo Nakiete aliingia kazini akakuta jina lake juu, arobaini na mbili, na akanywa chai ya Nakiete wa Kumi na Mbili akijua haikuwa yake.

5

Msafara uliondoka siku ya kumi. Watu walijipanga kwenye ukumbi wa milango ya hewa kuagana. Abeya alikuwa na mfuko mdogo, na ndani yake, kwa umbo la mfuko, Nakiete aliutambua mkebe wake wa tangawizi. Mkebe mzima.

Gari la kusini lilikuwa kubwa, jekundu kwa vumbi, na kupitia kioo kiti cha msikilizaji kilionekana vizuri, fulana mpya imetundikwa mgongoni mwake. Nakiete alikitazama. Alikitazama mno, na alipogeuka alimkuta Abeya amesimama mbele yake, mfuko ameuweka chini, anamchungulia usoni kwa namna ambayo Nakiete aliijua sasa, ya mtu anayesubiri kusikia.

"Mama Nanzia," aliuliza, "kuna kitu huna?"

Neno lilikuwa mdomoni mwa Nakiete, neno moja, alilolisema kila siku kwa miaka minne bila kufikiri. Akilitamka, Abeya atavua kofia ya safari pale pale, atampa, na atarudi zake kwenye nyumba ya mboga. Alijua hivyo kama anavyojua jina la mtoto wake. Wivu ulikuwa bado pale pale.

"Nina kila kitu, dada," alisema.

Abeya akamwangalia kidogo zaidi, akaridhika, akauokota mfuko. Hakusema asante wala kwaheri. Mlango ukafungwa.

Nakiete alisimama kwenye kioo hadi vumbi la gari likatulia. Kisha akaenda chumbani kwake, akafungua barua ya Nanzia, akaisoma tena yote, mvua, shule, magoti ya bibi, mpaka ile sentensi. Alijibu habari za magoti kwanza. Kuhusu Abeya aliandika akafuta mara nne, na alichotuma mwishowe kilikuwa kifupi.

"Ndiyo, namjua. Picha usiibandue. Ila tazama kushoto kwake, pembeni kabisa walipokata. Kile kiwiko ni cha mama yako."